Nani Anamlipa Msanii Mwezi Usio na Wimbo?

Msanii anapodumu jukwaani miaka 40 ilhali rika lake limeshasahaulika, sababu inayotajwa haraka ni kipaji, na kipaji kisipotosha hutajwa moyo. Historia ya muziki wa dansi Tanzania hainishawishi hivyo. Wengi walioimba tangu ujana mpaka mvi hawakuwa na moyo zaidi kuliko walioacha; walikuwa na kazi. Magitaa yalikuwapo, mazoezi yalikuwa na saa yake, na mwisho wa mwezi mshahara ulitoka hata kama bendi haikutoa wimbo mpya. Kwa hiyo swali la kudumu katika sanaa naliona kuwa swali la gharama: nani anazibeba siku ambazo msanii hana cha kuonyesha? Na siku hizo ndizo nyingi.

Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake mwaka 1964. Chama kilipobadilika jina na bendi ikabadilika nacho: NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na wapenzi wake leo wanaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Umoja wa vijana wa chama tawala, TANU, ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mapenzi ya serikali kwa utamaduni yanaeleza sehemu tu ya mfumo huu. Magitaa ya umeme, amplifaya na spika viliagizwa nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mpiga solo wa kawaida asingeweza kujinunulia. Shirika liliweza. Mwanamuziki akawa mwajiriwa, akipiga usiku kadhaa kwa wiki, mara nyingi na wenzake walewale, katika kumbi zilezile. Ndiko unakotoka ule ufundi wa solo, rithim na besi kupishana bila kugongana huku tarumbeta zikingoja zamu yao. Ufundi wa namna hiyo haupatikani kwa watu waliokutana studio mchana mmoja. Michael Enoch, aliyepanga muziki wa Mlimani Park katika miaka yake bora, alikwishapitia miaka mingi ya Dar es Salaam Jazz, akihama kutoka ala moja hadi nyingine. Mtu huyo angejifunza wapi kama kila mwezi angetakiwa athibitishe faida yake sokoni?

Yupo atakayesema kuwa mshahara wa chama hununua utiifu, na kwamba sanaa iliyoshiba hulala. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Bendi hizo ziliimba sifa za chama na kampeni za taifa, na nyingi ya nyimbo hizo hakuna anayezikumbuka kwa hamu. Lakini waajiriwa haohao ndio walioimba mapenzi, ndoa, wakwe, na maisha magumu ya mjini, kwa sababu aliyelipa kiingilio mlangoni hakuja kusikiliza hotuba. Ushindani wa Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, haukuruhusu mtu kulala. Bendi zilinyang'anyana wanamuziki waziwazi. Mwaka 1985 mwimbaji Muhidin Gurumo na mwenzake Abel Balthazar waliiacha Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mtu binafsi. Mshahara haukuua tamaa. Uliipa mahali pa kurudi.

Pingamizi zito zaidi ni maisha ya Gurumo mwenyewe. Alianza muziki mwanzoni mwa miaka ya 1960, akajiunga na NUTA Jazz mwaka 1964, akapita Mlimani na Safari Sound, akarudi Msondo, akastaafu mwaka 2013, akafariki Aprili 2014. Nusu karne ya nyimbo zinazojulikana nchi nzima, na bado alipostaafu uhaba wa mali yake ukawa habari ya magazeti. Je, hiyo si hukumu dhidi ya mfumo wote? Mimi naona ni hukumu dhidi ya upande wake mmoja. Mshahara ulimwezesha kuimba. Haukumpa umiliki wa alichoimba. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Kanda zilikuwa za Radio Tanzania, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa studio kuu ya bendi hizi, na zilibaki kwenye maktaba yake. Sheria iliyozaa COSOTA, chombo cha hakimiliki, ilikuja mwaka 1999, wakati nyimbo nyingi zilizompa jina zilikuwa zimeshapigwa redioni miaka na miaka. Mirabaha ingefanya kile ambacho mshahara haufanyi, yaani kumfuata mtu baada ya kushuka jukwaani.

Zanzibar ilikuwa na njia nyingine. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ipo tangu 1958. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo wanachama walikula kwa kazi nyingine, na klabu ikabaki na ukumbi, ala na ratiba ya mazoezi. Kazi ya mchana huiba saa, hilo halina ubishi. Lakini huiondolea fidla mzigo wa kulisha watoto, na mpigaji anaweza kuukataa mwaliko wa harusi asioutaka.

Leo mwimbaji wa bongo fleva ameachiwa yote: analipa prodyuza, video na promosheni kabla hajapata senti, na wimbo ukigoma hana mwezi wa kupumua. Mtu atanionyesha Diamond Platnumz, aliyepanda bila shirika la umma. Ndiyo, lakini tazama alichojenga alipopata pesa: lebo, kisha redio na televisheni. Alijitengenezea taasisi aliyoikosa, na sasa wengine wanasaini chini yake. Kijana anayeletewa mkataba wa lebo, hiyo au nyingine, huuliza kwanza atapewa gari gani. Aulize pia nani atamlipia studio na kodi mwaka ambao hana wimbo unaotamba, na rekodi zitaandikishwa kwa jina la nani. Gurumo na wenzake walikuwa na jibu zuri kwa swali la nani anawalipa. La umiliki hawakulipata kwa wakati.