Hofu ya kurudi kanisani: mwili unavyokumbuka, imani inavyosaidia

Jumapili ya Julai 1, 2012, washambuliaji waliofunika nyuso walirusha maguruneti na kufyatua risasi katika kanisa la AIC mjini Garissa, Kenya, ibada ikiendelea. Watu wapatao 17 waliuawa, na kanisa Katoliki la mji huohuo nalo likashambuliwa. Mwaka uliofuata, Mei 5, 2013, bomu lililipuka katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, siku ileile waumini walipokusanyika kuizindua. Watu watatu walipoteza maisha na makumi wakajeruhiwa.

Habari za matukio ya aina hii huishia kwenye mazishi na kesi. Ni nadra kusikia habari za Jumapili zinazofuata. Muumini ameamka mapema, nguo ameipiga pasi tangu jana, Biblia iko mezani. Akishika kitasa cha mlango tumbo linasokota, viganja vinalowa jasho, moyo unakwenda mbio. Anarudi chumbani, anavua, anawaambia wa nyumbani kwamba kichwa kinamuuma. Wiki inayofuata hali ni ileile. Wapo pia ambao hofu yao haikuletwa na bomu: aliyeaibishwa mbele ya waumini wenzake, au mama ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani jeneza la mwanawe lilikuwa mbele ya madhabahu.

Mara nyingi watu hawa huambiwa kwamba imani yao imepungua. Sayansi ya hofu inasema vingine, na Biblia ikisomwa kwa utulivu haiwahukumu.

Hofu hufundishwa

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna vifundo vidogo viitwavyo amigdala. Kazi yao mojawapo ni kutambua hatari haraka, kabla hata mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Hatari ikitokea, ubongo huamuru adrenalini imwagwe kwenye damu, mapigo ya moyo yaongezeke na misuli ikaze ili mtu akimbie au apambane.

Tatizo ni kwamba ubongo hauhifadhi tukio peke yake. Huhifadhi na vilivyokuwapo: harufu ya ubani, sauti ya kinanda, mpangilio wa mabenchi, hata saa ya siku. Baadaye kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kuamsha mwili mzima. Ndiyo maana mtu anaweza kuomba vizuri kabisa nyumbani, akaimba mapambio akiosha vyombo, lakini akashindwa kuvuka geti la kanisa. Mwili wake umejifunza somo la hatari, nao unalitii.

Kukwepa ndiko kunakoilisha hofu

Anapoamua kubaki nyumbani, moyo hutulia mara moja. Nafuu hiyo ni tamu, na ubongo huichukua kama ushahidi: nimepona kwa sababu sikwenda. Jumapili ijayo kubaki kunakuwa rahisi zaidi na kwenda kunakuwa kugumu zaidi. Kwa njia hii hofu ya mwezi mmoja huweza kuwa ya miaka, ingawa hakuna jambo jipya baya lililotokea.

Je, hofu iliyojifunzwa inafutika? Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904, alikuwa amewafundisha mbwa kudondokwa mate kwa ishara ya chakula. Aliporudia ishara bila kuleta chakula, mate yalikoma. Lakini alipowapumzisha na kutoa ishara tena, mate yalirudi kwa kiasi. Somo la zamani halikuwa limefutika. Tafiti za hofu zilizofuata zimeonyesha hali kama hiyo: ubongo huongeza kumbukumbu mpya ya usalama juu ya ile ya hatari, na sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo husaidia kuizuia amigdala.

Jambo hili ni la kutia moyo. Hofu ikimrudia mtu baada ya miezi mizuri, haina maana kwamba ameanguka. Somo jipya linahitaji kurudiwa, basi.

Milango iliyofungwa

Hapa ndipo Injili ya Yohana, sura ya 20, inapostahili kusomwa polepole. Jioni ya siku ya ufufuo wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Yesu akasimama katikati yao, akawapa amani, akawaonyesha majeraha yake. Wakafurahi. Lakini baada ya siku nane, Yohana anaeleza, walikuwa ndani tena na milango ilikuwa imefungwa tena. Watu waliomwona Mfufuka kwa macho yao walikuwa bado nyuma ya milango iliyofungwa, na Yesu hakuwakemea kwa sababu ya milango hiyo. Aliingia mara ya pili, akawapa amani ileile.

Eliya naye, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, alimkimbia Yezebeli hadi jangwani akaomba afe. Jambo la kwanza alilopata lilikuwa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena na chakula tena. Safari ya kwenda Horebu ilifuata baadaye.

Kwa hiyo imani haimdai mtu aache kwanza kutetemeka ndipo aje. Inampa sababu ya kutembea akiwa bado anatetemeka, na inampa watu wa kutembea naye. Wataalamu wanaotibu hofu wanahitaji vitu hivyohivyo viwili: sababu nzito ya kukabili kinachoogopwa, na msaada wa kudumu nacho.

Ngazi ya kurudi

Tiba iliyothibitika zaidi kwa hofu ya aina hii ni kukikabili kinachoogopwa kwa hatua. Muumini anaweza kupanga ngazi yake pamoja na mtu anayemwamini. Aanze na ibada ya jumuiya nyumbani kwa jirani. Kisha apite nje ya kanisa siku ya katikati ya wiki. Halafu aingie ndani likiwa tupu, akae na kuomba. Baadaye ahudhurie mazoezi ya kwaya, kisha ibada fupi ya asubuhi, na mwisho ibada kuu.

Katika kila hatua, kabla ya kwenda aandike anachotarajia kitatokea: nitazimia, watu watanikodolea macho, patalipuka. Akirudi aandike kilichotokea kweli. Tofauti kati ya maandishi hayo mawili ndiyo inayoufundisha ubongo. Inafaa abaki mahali pale mpaka hofu ianze kushuka, kwa sababu akitoka ikiwa kileleni, ubongo utaamini kuwa kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kukaa benchi la nyuma karibu na mlango ni mwanzo mzuri, ila asihamie hapo moja kwa moja.

Sala na nyimbo husaidia mwili pia. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini kulipunguza kasi ya kupumua hadi mara sita hivi kwa dakika, kasi inayosaidia moyo na shinikizo la damu kufanya kazi kwa uwiano. Kuimba nako hulazimisha kutoa pumzi ndefu, na pumzi ndefu hutuliza mapigo ya moyo. Anayeimba beti zote za wimbo kwa sauti anaupa mwili wake nafasi ya kutulia.

Hofu inaposema kweli

Ngazi hii inafaa pale hofu inapozidi hatari iliyopo. Aliyedhulumiwa kingono, kupigwa au kunyang'anywa mali na kiongozi wa kanisa hapaswi kurudishwa mikononi mwake kwa jina la imani. Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ilitufundisha kwa uchungu kwamba si kila anayeshika Biblia analinda kondoo. Kwa aliyedhulumiwa hivyo, kurudi kwa Mungu kunaweza kuwa ni kwenda kanisa lingine, baada ya kutoa taarifa polisi.

Tahadhari za usalama nazo hazipingani na imani. Baada ya shambulio la Garissa, viongozi wa Kiislamu walitangaza kuunda makundi ya kulinda makanisa. Muumini anayeona jirani yake wa dini nyingine amesimama getini kwa ajili yake anapata somo la usalama ambalo mahubiri peke yake hayawezi kulitoa.

Lini umwone daktari

Ndoto za kutisha, picha za tukio zinazojirudia, kushtuka kwa kila kishindo na kukwepa watu vikizidi mwezi mmoja, huenda ni ugonjwa unaotokana na kiwewe. Unatibika kwa ushauri wa kisaikolojia na, inapobidi, dawa, katika hospitali zinazotoa huduma za afya ya akili kama Muhimbili na Mirembe nchini Tanzania, au Mathari nchini Kenya. Usijinunulie diazepamu dukani: huleta utegemezi, na haitibu kiwewe.

Wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, msimlazimishe mtu kutoa ushuhuda wa yaliyompata. Shirika la Afya Duniani halishauri kuwashinikiza manusura wasimulie tukio mara tu baada ya kutokea. Mtembeleeni, mpelekeeni chakula, mwulizeni angependa nani amsindikize. Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, unaotumiwa sana kuwakemea wasiohudhuria, unaagiza palepale kwamba tutiane moyo. Agizo hilo linawahusu kwanza waliomo ndani ya kanisa, na linaweza kutekelezwa Jumamosi hii kwa kubisha hodi nyumbani kwa mtu mmoja.