Jani kuukuu la mwaloni linavyofichua siri ya hewa tunayovuta

Simu yako inaweza kuwa na kamera kali, lakini kuna picha itakayoishinda: sura halisi ya upande wa chini wa jani. Kwa macho ni kijani tu. Liweke chini ya hadubini uone maajabu. Kuna nta, kuna vinywele, na kuna milango midogo kwa mamia katika eneo dogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Mti mmoja uliowapa wanasayansi mengi kupitia milango hiyo ni mwaloni. Usiuchanganye na Meru Oak ambao mafundi wetu hutengenezea fanicha. Huo ni mti wa pande za Mlima Kenya na ni wa jamii nyingine kabisa. Mialoni yenyewe asili yake ni Ulaya, Asia, Amerika na Afrika Kaskazini.

Tuanze na nta. Hii ni ngozi nyembamba inayolifunika jani ili maji yasivuje ovyo. Vinywele navyo ni kama kitambulisho. Mwaloni uitwao Quercus petraea huwa na vinywele vyenye umbo la nyota upande wa chini wa jani, ilhali binamu yake, Quercus robur, huwa karibu hana. Kwa macho majani yao yanafanana sana, kwa hivyo vinywele husaidia kuwatofautisha.

Lakini stori kubwa iko kwenye milango, yaani stomata. Kila mmoja ni kitundu kilichozungukwa na seli mbili zinazofanana na midomo. Midomo ikifunguka, gesi ya kaboni dioksidi huingia na jani hulitumia kutengeneza chakula. Shida ni kwamba mlango huohuo hutoa maji nje. Kila mlo, mti unaulipia kwa maji.

Sasa fikiria: gesi hiyo ikiongezeka hewani, ya nini kuwa na milango mingi? Mti unaweza kushiba kwa milango michache na kuokoa maji. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka wa 1987, mtaalamu wa mimea Ian Woodward wa Uingereza alichapisha matokeo ya kuhesabu stomata kwenye majani makavu yaliyohifadhiwa kwa miaka 200 hivi. Yalitoka kwa aina nane za miti, mialoni ikiwemo. Idadi ya stomata ilikuwa imeshuka kwa asilimia 40. Waliochuma majani hayo enzi hizo hawakuwa na habari ya mabadiliko ya tabianchi. Walikuwa tu wanakusanya mimea.

Uzito wa jambo hili uko hapa: vipimo vya kila mara vya gesi hiyo vilianza mwaka wa 1958 tu, katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Kwa miaka ya kabla ya hapo, lazima tutafute mashahidi wengine, na jani ni mmoja wao.

Tena shahidi huyu anakumbuka mbali. Mwaka wa 1993, watafiti walitumia majani ya mwaloni yaliyogeuka visukuku kukadiria hewa ya miaka milioni 10 iliyopita. Walipata kwamba katika kila molekuli milioni moja za hewa, za kaboni dioksidi zilikuwa kati ya 280 na 370 hivi. Leo zimepita 420. Hapo si mchezo.

Hata hivyo, kuhesabu kunataka umakini. Jani lililokua juani huwa na stomata nyingi kuliko lililokua kivulini, hata kwenye mti mmoja. Ukilinganisha ovyo, utajidanganya.

Unataka kujionea? Huhitaji mwaloni. Chukua jani laini la mti wowote mtaani, upake upande wa chini rangi ya kucha isiyo na rangi, ile wengi huita cutex. Ikikauka, bandika selotepu, ivute polepole, kisha uibandike kwenye kioo cha hadubini ya maabara ya shule. Alama za stomata zitaonekana waziwazi.

Na ukidhani majani makavu ni takataka, kumbuka hapa Nairobi, katika Makavazi ya Kitaifa, kuna hifadhi yenye takriban sampuli milioni moja za mimea iliyokaushwa. Kila moja ina karatasi inayoeleza ilichumwa wapi na lini. Woodward alihitaji hayo mawili tu, jani na tarehe, na mtu aliyejua la kuuliza. Pengine anayefuata kuuliza ni wewe.