Bumu likikata, biashara huanza

Fedha za mkopo wa elimu ya juu, ambazo wanafunzi wamezizoea kwa jina la bumu, hazichelewi kuisha. Wiki chache baada ya kutoka, katika hosteli za Mabibo jijini Dar es Salaam, hapo ndipo wafanyabiashara wanapojulikana. Binti wa mwaka wa pili anadamka alfajiri kuwahi marobota ya mitumba yakifunguliwa Ilala. Anachambua magauni, anayafua, anayapiga pasi, anayatundika mlangoni na kuyapiga picha. Kabla ya kipindi cha saa nne, picha ziko kwenye stetasi ya WhatsApp.

Nini kinamsukuma? Wengi hujibu haraka: ajira hakuna. Ni kweli kwamba zama za mhitimu kupangiwa kazi serikalini zilipita zamani. Lakini huyu bado ana mitihani mingi mbele yake. Kinachomwamsha ni haja ya leo: nauli, chakula, kuchapisha kazi za darasani, na uzito wa kupiga simu nyumbani kuomba hela kwa mama ambaye naye anahangaika.

Shida humwanzisha, ila wateja ndio wanaomdumisha. Hosteli imejaa vijana wa rika moja, wenye mahitaji yanayofanana. Anayekopa gauni, chumba chake kinajulikana, na siku bumu likitoka atalipa. Uaminifu huo ndio mtaji wake mkubwa, naye huupoteza siku anapohitimu na kurudi kwenye mtaa usiomfahamu.

Hapo ndipo tunapowaangusha. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ya vijana hupitia vikundi, na mhitimu aliyefika juzi mtaani ataaminiwa na kikundi gani?

Vyuo viwape wanafunzi hawa sehemu halali ya kuuzia badala ya kuwafukuza koridoni, viwasaidie kuunda vikundi wakiwa bado wanasoma, na daftari la mauzo la miaka mitatu lipewe uzito mbele ya afisa maendeleo ya jamii wanapoomba mikopo hiyo. Kijana aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kuuza, kukopesha na kudai asilazimishwe kuanza upya siku anapovua joho.