Meli ya Liuli: Vita Kuu Ilipotua Ziwa Nyasa

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mapigano makubwa ya kwanza ya Ypres, mji wa Flanders nchini Ubelgiji, yalianza Oktoba 1914.

Je, wajua kwamba Liuli ilikuwa imekwisha kuonja mizinga ya vita hiyo hiyo tangu Agosti?

Liuli ni bandari ndogo kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa kuwa waliona mwamba wa hapo umefanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Hapo ndipo ilipotia nanga meli yao, Hermann von Wissmann, iliyobeba jina la ofisa aliyezima upinzani wa Abushiri dhidi ya Wajerumani huko pwani.

Meli yenyewe ilikuwa na safari ya ajabu. Ilitengenezwa Ujerumani, ikaletwa kwa vipande kupitia mito Zambezi na Shire. Penye maporomoko ya Shire, ambapo mashua hazipiti, vipande vilishushwa vikabebwa nchi kavu. Mwaka 1893 ilikuwa tayari inaelea ziwani.

Upande wa pili wa ziwa, Waingereza walikuwa na Gwendolen. Nahodha wake, Rhoades, na Berndt wa meli ya Kijerumani walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Vita vilipotangazwa Ulaya, habari zilimfikia Rhoades kwanza. Aliikuta Wissmann imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ikiwa katika hali hiyo haiwezi kugeuka wala kukimbia. Ni shabaha iliyosimama. Gwendolen ikafyatua mzinga, ikaiharibu. Inasimuliwa kwamba Berndt, asiyejua kuwa kuna vita, alipiga makasia hadi kwa rafiki yake akifoka kwa hasira. Akatiwa mbaroni. Gazeti la Times la London liliutangaza ushindi huo wa ziwani kwa majivuno.

Wajerumani hawakukata tamaa, wakaanza kuitengeneza meli yao. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli, safari hii wakashusha askari nchi kavu na kuiharibu tena. Baada ya vita waliitwaa, wakaipa jina la mfalme wao, King George.

Wenyeji wana kumbukumbu za vita vingine pia. Jiwe la Pomonda, lililomo ziwani Liuli, husimuliwa kuwa liliwasitiri watu waliokimbia maadui, na sasa ni miongoni mwa vivutio vya utalii vya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga.