Fumbo, Mwalimu wa Asiye na Mwalimu

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa vitendawili. Aliyeshindwa hutoa mji akapewa jibu. Lakini aliyekaza fikira akategua mwenyewe, jibu lake haliondoki moyoni. Siri hiyo hiyo naiona leo katika kujifunza kuandika programu za kompyuta.

Anayeanza peke yake, kwa kukosa karo ya chuo, aghalabu hukwama mapema. Fikira anayo, ila nukta moja ikikosewa, kompyuta humkatalia kazi nzima. Akikataliwa mara kumi hudhani akili yake ndiyo mbovu, akaacha.

Mnamo 2006, Dale Parsons na Patricia Haden wa Otago Polytechnic, New Zealand, walieleza dawa yake: mwanafunzi apewe programu iliyo sahihi, lakini mistari yake imevurugwa, naye aipange. Hapo hana nukta za kuhofia. Kazi yake ni kufikiri lipi litangulie na lipi lifuate.

Natutazame zaka ya fedha zilizotimiza mwaka. Mistari ni minne:

Andika zaka.
Kama fedha zimefika nisabu, zaka ni fedha kugawanya kwa 40.
Uliza fedha ni kiasi gani.
Zaka ni 0.

Kuuliza hutangulia kuhesabu, na kuandika huja mwisho. Hilo halina mjadala. Je, "zaka ni 0" ikae wapi? Ukiiweka baada ya hesabu, hesabu yote imefutwa na tajiri ametoka bure. Ukiitanguliza, asiyefikia nisabu hadaiwi, na tajiri hutoa haki yake. Kijana akiling'amua hilo mwenyewe, amejua jambo kubwa: kompyuta hufuata mpangilio, haijui nia yako.

Mwaka 2017, Barbara Ericson na wenzake wa Marekani walilinganisha njia hizi. Waliopanga mistari walimaliza upesi kuliko waliosahihisha makosa au walioandika programu wenyewe, wala hawakupungukiwa katika kujifunza.

Mimi mtunzi wa mashairi sishangai. Hata hivyo, kupanga mishororo ya mwenzio siko kutunga. Basi ewe kijana, ukishategua fumbo, lifunike, kisha uiandike programu nzima kwa mkono wako. Ikikushinda, lifunue utazame, ulifunike tena. Lakini usiwe mwepesi wa kutoa mji.