Gari la Kifahari Bila Spea: Jiandae Kabla ya Kuingia Barabara za Mashambani

Hebu fikiria. Ni saa 2 usiku, mahali fulani kati ya Mutomo na mji wa Kitui. Mwaitu ameugua ghafla, na kwa kuwa gari lililo karibu ni la mwanawe aliyekuja kutoka Nairobi, ndilo limegeuka ambulensi. Mara usukani unavuta upande mmoja. Ubavu wa tairi la mbele umechanika. Mwana anafungua buti na kunyanyua zulia, lakini hakuna tairi. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme tu. Gundi hiyo haiwezi kuziba ubavu uliochanika.

Hali kama hii inaweza kumkuta yeyote, hasa msimu wa Desemba na Pasaka ambapo magari mengi makubwa huja nyumbani Kitui na Makueni. Gari huenda likawa na bei ya nyumba nzima, lakini halina kifaa ambacho kila pikapu kuukuu ya sokoni inacho. Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo na unachoweza kufanya.

Kwa nini spea imeondolewa?

Watengenezaji wa magari huondoa tairi la spea ili kupunguza uzito, kuokoa mafuta na kupata nafasi ya viti vya safu ya tatu au betri za magari ya haiburidi. Wanachukulia kwamba mwenye gari anaishi penye lami na gari la kuvuta mengine lipo karibu. Kwetu hali ni tofauti. Ukiacha barabara kuu, unaingia kwenye murram yenye mawe makali, miiba ya migunga na vivuko vya mito ya mchanga. Fundi wa pancha anaweza kuwa kilomita nyingi mbele, na usiku amefunga.

Magari mengi tunayonunua yametumika ng'ambo kabla ya kuingizwa nchini, na sheria inaruhusu yale yasiyozidi umri wa miaka 8. Vifaa vinaweza kuwa vimetolewa njiani. Usichukulie kwamba jeki ipo kwa sababu kitabu cha gari kinasema ipo.

Gari lako lina nini?

Fungua buti leo uangalie. Utakuta mojawapo ya haya manne:

1. Spea kamili. Ni ya ukubwa sawa na matairi mengine. Land Cruiser nyingi huibeba chini ya gari nyuma, na Prado nyingine huibeba mlangoni. Hii ndiyo inayofaa zaidi barabara zetu.

2. Spea nyembamba ya muda. Imetengenezwa ikufikishe kwa fundi tu. Kwa kawaida mwendo wake hautakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na nyingi huhitaji upepo wa psi 60, yaani karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Soma maandishi yaliyo ubavuni.

3. Matairi ya run-flat. BMW X5 nyingi hutoka kiwandani nayo. Ubavu wake ni mgumu, hivyo upepo ukiisha unaweza kuendelea takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Lakini tairi lenyewe likipasuka au ubavu ukichanika, umekwama.

4. Gundi na pampu. Huziba tundu dogo la msumari au mwiba kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Haifai kwa ubavu wala kwa mpasuko. Gundi pia ina tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ikiwa una la tatu au la nne na unasafiri mara kwa mara kwenda Endau, Tseikuru, Kathonzweni au milima ya Mbooni, tafuta spea.

Kununua spea inayofaa

Tairi peke yake halitoshi. Unahitaji tairi na rimu yake. Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya:

Idadi na nafasi ya mashimo ya nati. Prado ya 150 ina mashimo 6, Land Cruiser ya 200 ina 5. Hata magari mawili yenye mashimo 5 yanaweza kutofautiana nafasi, na rimu isiingie.

Breki. Magari ya kifahari huwa na breki kubwa. Rimu ndogo inaweza kugusa breki ya mbele. Ijaribu kwenye gari, mbele na nyuma, kabla ya kuondoka dukani.

Kimo cha tairi. Kwa gari linalovuta magurudumu manne wakati wote, tairi lenye kimo tofauti hulazimisha difu kufanya kazi isiyo yake na linaweza kuiharibu. Nunua saizi ileile iliyoandikwa kwenye matairi yako.

Umri. Tafuta tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2322 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi huzeeka hata likiwa halijatumika.

Mahali pa kulibeba. Gurudumu la gari kubwa linaweza kuwa na kilo 30 au zaidi. Likiwa ndani ya gari, lifunge kwa mkanda imara. Gari likigonga kitu, gurudumu lisilofungwa huruka na kuwaumiza abiria.

Jeki na vifaa vyake

Gari la aina hii huwa na uzito wa tani 2 hadi 2.6. Jeki ndogo ya gari la saluni ni hatari hapa. Nunua jeki ya mafuta ya tani 3, na uhakikishe inaingia chini ya gari tairi likiwa limelala na inafika juu vya kutosha. Ongeza kipande cha ubao mpana wa kuweka chini ya jeki, kwa sababu kwenye mchanga jeki huzama. Beba pia spana ya nati yenye mpini mrefu, glavu, tochi na pembetatu mbili za kuonya.

Angalia kama gurudumu lina nati ya kufuli. Nati hiyo haifunguki bila ufunguo wake maalum, na wengi hugundua kuwa umepotea wakati tayari wako barabarani.

Kubadilisha kwa usalama

Egesha mbali na barabara, mahali tambarare. Kwenye barabara ya Mombasa, kuanzia Salama hadi Mtito Andei, malori hayakomi usiku. Ni afadhali kusonga polepole na kuharibu rimu kuliko kusimama kwenye kona. Washa taa za dharura, weka pembetatu angalau mita 50 mbele na nyuma, na abiria wote washuke na kukaa mbali na barabara.

Vuta breki ya mkono, weka gia ya P, kisha zuia magurudumu kwa mawe. Kama gari lina sasipensheni ya upepo, soma kitabu chake ujue namna ya kuizima kwanza. Gari linaweza kujishusha likiwa juu ya jeki.

Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini. Inua gari kwenye sehemu iliyoonyeshwa kitabuni. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Ukishaweka spea, kaza nati kwa kuvuka upande hadi upande, shusha gari, ukaze tena. Zikague baada ya kilomita 50 hivi.

Kabla ya kuondoka, ondoa mawe na matawi yote barabarani. Jiwe ulilozuilia gurudumu linaweza kumwangusha mwendesha bodaboda anayekuja nyuma yako.

Fanya hivi wiki hii

Pima upepo wa spea, kisha urudie kila mwezi. Shusha spea iliyo chini ya gari, kwa sababu vumbi na kutu hukwamisha mnyororo wake. Hakikisha ufunguo wa nati upo. Kisha badilisha gurudumu moja ukiwa nyumbani, mchana, na umfundishe mwingine anayeendesha gari hilo. Kukiwa na dharura barabarani, piga 999 au 112.