Kibanda cha Majani Nsambya

Kila mwezi wa tisa au wa kumi, seli yetu ya maombi ya Wakongomani hapa Nsambya, Kampala, inapoanza kukata majani ya migomba kwa ajili ya Sikukuu ya Vibanda, maneno huzuka: hao wamemwacha Yesu, wanaigiza Wayahudi. Nimechoka nayo. Uganda ina Wayahudi wake, Abayudaya wa upande wa Mbale. Kiongozi wao wa kwanza, Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyekuwa Mprotestanti, alitahiriwa mwaka 1919. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, baadhi yao waliendelea kuomba kwa siri. Sikukuu ya Vibanda ni haki yao, wala kwetu hakuna anayejiita Myahudi. Sisi tumesoma Mambo ya Walawi sura ya 23: Waisraeli wakae vibandani siku saba, ili vizazi vyao vijue waliishi namna gani walipotolewa Misri.

Mkimbizi hahitaji mhubiri wa kumfafanulia hayo. Wengi wetu tulivukia Bunagana, mji wa mpakani ambao waasi wa M23 waliuteka Juni 2022, tukalala kwenye kituo cha wakimbizi cha Nyakabande, Kisoro, chini ya maturubai.

Wanaume husimamisha nguzo za mikaratusi. Kina mama hupanga majani bila kuyabananisha, maana Wayahudi huezeka kwa kitu kilichoota ardhini kikakatwa, na nyota ziweze kuonekana. Mwaka mmoja vijana walileta turubai, kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Kina mama walikataa katakata. Chini ya turubai walilazwa na vita. Chini ya majani wanaketi kwa hiari yao, sombe na bugali katikati, na jirani anayepita hukaribishwa. Mvua ikizidi tunaingia ndani, na hata marabi wanaruhusu hilo.

Baada ya chakula, wazee husimulia njia: mto gani ulivukwa usiku, nani alimbeba nani mgongoni, nani alibaki. Watoto waliozaliwa Kampala, wanaocheza kwa Kiganda, husikia hapo majina ya Jomba, Rutshuru na Masisi, kwetu Kongo. Jumapili kanisani hawayasikii, kwa sababu ushuhuda wa Jumapili unatakiwa uishie kwenye ushindi: kazi imepatikana, viza imetoka. Mama ambaye mwanawe hajulikani aliko hana la kusema pale mbele. Kibandani anasema, na hakuna anayemharakishia ‘amina’.

Pembe na mashali ya Kiyahudi yanayopendwa na makanisa mengine mjini hayanihusu.

Linalonihuzunisha ni kukosa ua wa kujengea kibanda. Wenye nyumba wanajenga vyumba vipya vya kupanga kila penye nafasi, na ule ua wetu wa zamani sasa ni vyumba vinne. Baba mchungaji amependekeza tukodi ukumbi. Mimi nimepinga: ukumbini tutaketi kwenye viti vya plastiki tukitazama jukwaa, na ushuhuda utarudi kuwa wa Jumapili. Mwislamu mmoja mwenye duka la mbao ametukubalia ua wake bila kodi, mradi tusichimbe mashimo. Vijana wanajaza mchanga kwenye madebe ya kusimamishia nguzo.